Besi Imegoma: Kutafuta Ubovu Kuanzia Uzi Hadi Spika

Bisibisi iwe kitu cha mwisho kushika. Mara nyingi besi, yaani gitaa la besi la umeme, hulaumiwa kwa ubovu usiokuwa wake: kebo imekatika kwa ndani, jeki (tundu la kuchomekea kebo) imeshika kutu, tundu la umeme halina ethi (waya wa ardhini), au betri imekwisha tangu juzi. Unguja na Pemba chumvi iko hewani mwaka mzima, na masika huongeza unyevu juu yake. Kabla hujafungua kitu, jua kwanza sauti inakatikia wapi.

Njia ya sauti ni hii: uzi, pikapu (sumaku yenye koili inayonasa mtetemo wa uzi), vifundo vya sauti, jeki ya besi, kebo, ampu (kikuza sauti), spika. Igawe katikati, pima nusu moja, kisha nenda kwenye nusu iliyobaki na shaka. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha kebo na betri kwa pamoja na sauti ikarudi, hutojua kipi kilikuwa kibovu, na kile kibovu utakwenda nacho harusini.

Kimya kabisa

Chomeka kebo kwenye ampu, weka sauti ya ampu chini, kisha gusa kwa kidole ncha ya plagi ya upande wa pili. Ikivuma, ampu na spika ni nzima, na kebo kwa kiasi kikubwa nayo ni nzima. Kebo iliyokatika waya wake wa nje nayo huvuma, ila hiyo huvuma kwa nguvu hata kabla hujaigusa. Isipovuma, jaribu kebo nyengine kabla ya kufikiria jengine lolote.

Kebo nyengine nayo kimya? Angalia nyuma ya ampu kama kuna matundu mawili ya efekti (vifaa vya kubadili sauti), moja la kutolea sauti na moja la kurudishia. Ndani ya tundu la kurudishia kuna ulimi wa chuma unaopitisha sauti wakati hakuna kilichochomekwa. Ulimi huo ukishika kutu, ampu nzima hunyamaza, au sauti huja na kuondoka yenyewe, na watu huipeleka kwa fundi wakidhani imeungua. Chukua kebo fupi, unganisha tundu moja na jengine. Sauti ikirudi, umepata jibu: pulizia dawa ya kusafishia swichi, chomeka na kuchomoa plagi mara ishirini hivi, kisha iache ikauke.

Besi yenye betri ya volti 9 ndani yake hutoa dalili kabla ya kunyamaza. Ukipiga kwa nguvu hukoroma, ukipiga taratibu husikika vizuri. Pima betri kwa mita: mpya husoma 9 na kitu, na ikishuka kufika 7.5 hivi ibadilishe. Betri huanza kuliwa pale kebo inapochomekwa kwenye besi, hata kama ampu imezimwa, kwa sababu jeki ndiyo swichi. Ukimaliza mazoezi chomoa kebo upande wa besi. Na ukitumia kebo ya plagi yenye pete mbili nyeusi badala ya moja, swichi hiyo haifungi na besi haiwaki kabisa.

Besi isiyo na betri ina kipimo kizuri kisichohitaji kuifungua. Chomeka kebo kwenye besi, fungua vifundo vyote mpaka mwisho, weka mita kwenye kiloohm 20, kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye ncha ya plagi na nyengine kwenye mwili wa plagi. Ikisoma baina ya kiloohm 4 na 12 hivi, pikapu na waya ziko sawa. Besi ya pikapu mbili aina ya Jazz Bass, zote zikiwa wazi, husoma karibu nusu ya pikapu moja, usishtuke. Mita isiposoma chochote, waya umeachia mahali. Ikisoma sifuri wakati vifundo viko wazi, waya unagusa pasipo pake, na sasa ndipo bisibisi ina kazi.

Neno moja kuhusu sabufa ya nyumbani, kwa kuwa wanaoanza wengi huchomeka besi huko. Besi isiyo na betri inataka tundu la kiloohm 500 mpaka megaohm 1. Tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu na televisheni, mara nyingi ni kiloohm 10 hadi 50 tu, kwa hivyo sauti huja hafifu na butu. Mtu huongeza, huongeza, mwisho karatasi ya spika inapasuka. Bora ampu ya kinanda, au kiampu kidogo cha mazoezi cha wati 30.

Mvumo

Umeme wetu ni wa hezi 50. Noti ya G kwenye freti ya 3 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya uzi wa E, ule mnene, ni hezi 49, na uzi wa G ukiachwa wazi ni hezi 98. Kwa hivyo mvumo wa umeme hukaa karibu kabisa na G. Ukipiga uzi wa G wazi huku mvumo upo, utasikia sauti ikipanda na kushuka mara mbili hivi kwa sekunde: ni 98 inasuguana na 100. Wengi hudhani tuni imeharibika na kuanza kukaza uzi uliokuwa sawa.

Kuutafuta, anza na kifundo cha sauti cha besi. Kipeleke sifuri. Mvumo ukiondoka, unaingilia kwenye besi yenyewe. Ukibaki, uko kwenye kebo, ampu au umeme.

Unaoingilia kwenye besi, geuza mwili wako robo mzunguko ukiwa umesimama. Ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka, pikapu yako ni ya koili moja na inanusa transfoma, taa za rangi, au chaja ya simu iliyo karibu. Sogea mita mbili mbali na taa. Kwenye Jazz Bass fungua pikapu zote mbili sawasawa: koili ya pili kwa kawaida imezungushwa kinyume na ya kwanza, kwa hivyo mvumo wa moja unafuta wa nyengine. Ukifungua moja zaidi ya nyengine, mvumo unarudi. Kama mvumo unapungua unapogusa nyuzi, waya wa ethi wa besi unafanya kazi, na kinachokosekana ni kinga: bati jembamba la shaba ndani ya tundu la pikapu na la vifundo, lililounganishwa na ethi. Kama kugusa nyuzi hakubadilishi kitu, tafuta waya unaotoka kwenye vifundo kwenda chini ya daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa besi. Huo hukatika au huliwa na kutu mahali unapogusana na chuma cha daraja. Ufungue, usugue ncha yake kwa msasa laini mpaka ing'ae, uurudishe.

Mvumo unaozuka pale tu unapounganishwa na miksa ni jambo jengine. Ampu na miksa zimechukua umeme kwenye matundu mawili tofauti, na ethi zao mbili zimefanya duara. Zilete zote kwenye ekstensheni moja. Isipotosha, tumia kisanduku cha DI (kinachopeleka sauti ya besi moja kwa moja kwenye miksa) na ubonyeze swichi yake ya kutenganisha ethi. Swichi hiyo inatenganisha ethi ya waya wa sauti peke yake, kwa hivyo ni salama.

Kisicho salama ni kukata ethi ya umeme. Usiivunje pini ya juu ya plagi. Usichokoe tundu la ethi kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie. Usikubali mtu akufanyie hivyo "mpaka shughuli iishe". Nyumba nyingi kongwe zina nyaya za zamani, na ethi yake haifai kuaminiwa bila kupimwa. Ukihisi mdomo unatekenywa pale unapokaribia maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga saa hiyo hiyo. Kabla ya kila onyesho weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyengine kwenye wavu wa maikrofoni. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi volti chache, zima, chomoa, mwite fundi umeme. Ufukweni Paje au Nungwi, miguu peku kwenye mchanga wenye maji ya chumvi, mshtuko unaoishia kwenye tekenyo ukumbini unaweza kuua.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima swichi ya ampu kabla haujarudi. Ukirudi, subiri dakika chache volti zitulie, ndipo uwashe. Kwenye jenereta, washa ampu baada ya jenereta kushika kasi yake. Ekstensheni ya kuviringisha ivute yote hata kama ampu iko karibu, maana waya ulioviringwa ukibeba mzigo mkubwa hupata joto mpaka ganda lake likayeyuka.

Mikwaruzo

Ikikwaruza unapozungusha kifundo, kifundo kina uchafu ndani. Dawa ya swichi, kisha zungusha mwanzo mpaka mwisho mara ishirini au thelathini.

Ikikwaruza unapotembea, ni jeki au kebo. Nati ya jeki hulegea kwa kuvutwa vutwa, na hapa ndipo kosa kubwa hufanyika: mtu hushika spana na kukaza nati kwa nje. Jeki inazunguka pamoja na nati, nyaya zinajisokota ndani, na baada ya mara mbili tatu zinakatika. Fungua kibati cha jeki, shika jeki kwa ndani kwa vidole, kisha kaza nati (spana ya inchi nusu au milimita 13). Ukiwa humo humo, ukunje kidogo ndani ulimi wa jeki ili uibane ncha ya plagi. Ukihitaji kuchomelea waya, chuma kiwe na moto wa kutosha, kishike kwenye kiungo sekunde mbili tatu, weka risasi, ondoa. Kiungo kizuri hung'aa na kujitandaza. Kilichofanya kidonge cha kijivu kitaachia tena.

Jukwaani, pitisha kebo nyuma ya mkanda wa besi kabla ya kuichomeka. Mtu akiikanyaga, mkanda ndio unaovutwa, jeki inabaki salama.

Uzi unagonga freti

Kwanza sikiliza kupitia ampu. Uzi unaolia kwa sikio lakini hausikiki kwenye spika si tatizo la kukukosesha usingizi. Ukisikika kwenye spika, mahali unapolia panakwambia sababu. Ukilia kwenye freti 1 mpaka 5, shingo imenyooka kupita kiasi. Ukilia kuanzia 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini mno. Ukilia mahali pamoja tu, freti inayofuata imenyanyuka. Ukilia ukiwa wazi tu, mfereji wa uzi huo kwenye kizingiti cha kichwani umelika.

Shingo ya mbao hunywa unyevu na kuutoa. Ikitoka kaskazi kuingia masika hujongea, na ikikaa wiki chumba chenye kiyoyozi hujongea tena. Usikisie imejongea kwenda wapi, ipime. Tia tuni kamili. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa kapo (kibanio cha nyuzi), kisha ubonyeze kwenye freti ambapo shingo inakutana na mwili. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula. Tazama nafasi baina ya chini ya uzi na freti ya 7 au ya 8, upenyeze filageji ya mafundi magari, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Milimita 0.3 ni nzuri. Chini ya 0.2, legeza chuma kilichomo ndani ya shingo, yaani zungusha kinyume cha saa. Zaidi ya 0.5, kaza kwa mwendo wa saa. Robo mzunguko, basi. Tia tuni tena, pima, iache mpaka kesho, pima tena. Ufunguo uwe saizi yake hasa, kwa besi nyingi ni milimita 4 au 5, na besi za inchi huchukua 3/16. Ufunguo uliolegea humung'unya kichwa cha chuma, na hilo halina tiba rahisi. Kikigoma kuzunguka, acha. Chuma hicho kikikatika ndani, gharama ya kukitoa inaweza kuzidi bei ya besi.

Shingo ikishakaa, ndipo urekebishe vijidaraja, vile vyuma vidogo vinavyobeba kila uzi. Kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi: milimita 2.5 kwa E, ikipungua polepole mpaka 2 kwa G. Ufunguo wa 1.5 kwa kawaida unatosha. Skrubu zikiwa zimeganda kwa kutu, tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila moja, lala, jaribu asubuhi. Futa yaliyomwagika yasifike kwenye mbao.

Wala usiitundike besi moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe na chokaa. Kuta za Mji Mkongwe hunyonya maji na chumvi kutoka chini na kuyatoa kidogo kidogo chumbani. Iweke kwenye begi lake, mbali na ukuta, pamoja na vile vijipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Silika nayo hujaa maji, ibadilishe. Baada ya kila zoezi futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Nyuzi zilizokufa zinaweza kuchemshwa dakika kumi na kukaushwa kabisa, zikarudisha mng'ao wa siku chache. Hiyo ni njia ya kukuvusha mpaka seti mpya ifike kutoka Dar es Salaam.

Tuni iko sawa wazi, juu inakosea

Piga harmoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza, piga, ondoa kidole), kisha bonyeza noti ya freti hiyo hiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kijidaraja nyuma ili uzi uwe mrefu. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya tu. Uzi wenye kutu una unene usio sawa na hautakubali. Noti za juu za uzi wa E zikiyumba kama zina tuni mbili, pikapu iko karibu mno na sumaku yake inauvuta uzi: bonyeza freti ya mwisho na acha milimita 3 hivi baina ya uzi na pikapu.

Nyumbani inanguruma, ukumbini haisikiki

Hili si ubovu wa kifaa, ila ndilo linalowavunja moyo wengi. Nyumbani mtu hupandisha besi na trebo, hushusha katikati, na sauti inakuwa tamu. Ukumbini besi ile ya chini inamezwa na ngoma na mwangwi, trebo inafunikwa na gitaa na fidla, na pale katikati ulipopaondoa ndipo sikio lingeweza kukupata. Uzi wa E ni hezi 41, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ndogo hailitoi vizuri, kinachosikika ni vipande vyake vya juu. Weka vifundo vyote katikati, ongeza kidogo eneo la hezi 400 hadi 800, shusha kilicho chini ya 60. Ukiwa peke yako itakuwa mbaya. Kwenye bendi itakaa.

Ampu kwenye kona huongeza uvimbe, kwa hivyo itoe ukutani. Jukwaa la mbao lililo tupu chini hunguruma pamoja nawe. Ipandishe ampu juu ya kreti la soda au kiti imara, ielekee masikio yako. Ufukweni hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na besi hupotea mita chache tu mbele ya jukwaa, kwa hivyo tegemea DI na spika kubwa za miksa. Ukipiga na ngoma bila DI, wati 200 hadi 300 ndizo zinazotosha. Kumbuka pia kwamba spika mbili za ohm 8 zikiunganishwa sambamba hufanya ohm 4. Mbili za ohm 4 hufanya 2, na ampu nyingi hazihimili hapo. Waya wa kwenda kwenye spika uwe wa spika, si kebo ya gitaa.

Kwenye taarab ya kisasa sababu ya sauti kuvurugika kama matope mara nyingi ni mpiga kinanda: mkono wake wa kushoto unapiga besi ile ile unayopiga wewe. Kubalianeni kabla ya shughuli nani anashika chini. Na zuia nyuzi usizozipiga, dole gumba likilala juu ya E unapokuwa kwenye A na D. Wasikilizaji wa hapa wamelelewa na sanduku la kidumbaki, ile besi ya sanduku la mbao, uzi mmoja tu, kila pigo na nafasi yake. Besi inayoacha noti zikavuja huonekana chafu haraka.

Tuni sahihi, lakini unagongana na fidla

Tatizo la kwanza linaweza kuwa kodiani. Haitiwi tuni jukwaani, na si zote zina A ya hezi 440. Mwombe mpigaji akupe A, angalia tuna (kipimio cha tuni) inasoma ngapi, kisha panga tuna yako kwenye namba hiyo. Tofauti ya 440 na 442 ni ndogo kwenye karatasi, ila noti ndefu zitaitangaza.

La pili ni makamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama rast na bayati. Dabl besi ya taarab asilia haina freti, yako inazo, na freti hazina robo toni. Kwenye rast inayoanzia C, noti ya tatu iko baina ya E flati na E, na ya saba baina ya B flati na B. Kwenye bayati inayoanzia D, noti ya pili ndiyo hiyo hiyo ya baina ya E flati na E. Fidla na udi zikiipiga sawasawa, E yako yoyote itakuwa ya uongo, na uzi wa E ulio wazi ndio unaokuponza zaidi kwa kuwa mkono huukimbilia. Shika C, F, G na D, waachie wengine zile noti za kati. Kama wimbo unakulazimisha kupita hapo, pita kwa noti fupi, iliyozibwa kwa kiganja, usitue.

Mkono unauma

Kifundo cha mkono kimepinda. Pandisha mkanda mpaka besi ikae pale inapokaa ukiwa umeketi, tumia mkanda wa sentimita 7 au zaidi, na punguza nguvu ya kupiga huku ukiongeza sauti ya ampu. Ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika ipeleke kwa daktari.

Besi imevuka bahari, tuni imehama

Kwenye boti ya Pemba legeza nyuzi toni moja tu, usizilegeze kabisa, maana shingo isiyovutwa hujipinda upande wa pili. Funga begi kwa nailoni dhidi ya maji ya chumvi, na ukishuka Mkoani iondoe mara moja, jasho lisijikusanye ndani. Ukumbi ukiwa na kiyoyozi na besi imetoka juani, ifikishe mapema, fungua begi, iache nusu saa kabla ya kutia tuni. Itie tena dakika tano kabla ya kupanda, nyuzi zikiwa na joto la mkono wako.